Dendreon: dawa ilishinda majaribio, kampuni ikafilisika. Tatizo lilikuwa wapi?

mwanafunzi_famasia aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Ninaandaa andiko la darasani kuhusu namna utafiti wa tiba ya kinga dhidi ya saratani unavyogharimiwa, na nimeichagua kampuni moja ya Marekani, Dendreon ya Seattle, kwa sababu historia yake inanitatiza kila ninapoipitia upya.

Kampuni hiyo ilitengeneza Provenge, tiba ya saratani ya tezi dume iliyosambaa na isiyosikia tena dawa za kuzuia homoni. Seli za kinga huchukuliwa kutoka kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe, hupelekwa kiwandani kufundishwa kuitambua saratani, kisha hurudishwa mwilini mwake. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliiidhinisha tarehe 29 Aprili 2010, na ilikuwa tiba ya kwanza ya saratani ya namna hiyo kupata idhini yao. Jaribio lake kubwa la awamu ya tatu, lililoitwa IMPACT, lilionyesha kwamba nusu ya wagonjwa waliotibiwa walikuwa bado hai miezi 25.8 baada ya kuingia kwenye jaribio, ilhali kwa kundi la kulinganishia nusu hiyo ilifikiwa miezi 21.7. Wawekezaji waliipa fedha nyingi mno. Hata hivyo, tarehe 10 Novemba 2014 kampuni ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake.

Nilivyofundishwa ni kwamba hatari kubwa ya kampuni za namna hii imo kwenye majaribio, na kwamba ikishavuka awamu ya tatu na kupata idhini, yanayobaki ni biashara ya kawaida. Ikiwa ndivyo, Dendreon ilikosea wapi? Je, mimi ndiye ninayelisoma jaribio vibaya, au ninazisoma hesabu vibaya? Na mtu anapoona tangazo kwamba kampuni ya tiba ya kinga imepiga hatua katika majaribio na imepata fedha mpya, aangalie nini kwanza?

takwimu_za_tiba alijibu:

Ndugu mwanafunzi, jaribio hukulisoma vibaya, ila umeishia kwenye kigezo kimoja, na kigezo cha pili ndicho kilichoitesa kampuni sokoni.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya IMPACT kulikuwa na jaribio dogo lililoitwa D9901, la wagonjwa 127. Kigezo kikuu kilichowekwa tangu mwanzo kilikuwa muda ambao mgonjwa angekaa kabla ugonjwa haujaendelea, na katika kigezo hicho tiba ilishindwa kwa tofauti ndogo sana. Wagonjwa walipofuatiliwa kwa miaka mitatu, likajitokeza jambo ambalo halikuwa lengo kuu la jaribio: waliotibiwa walikuwa wameishi muda mrefu zaidi, miezi 25.9 dhidi ya 21.4 kwa kipimo kilekile cha nusu ya wagonjwa. Kampuni ilipeleka matokeo hayo FDA. Tarehe 29 Machi 2007 kamati ya washauri ilikubali kwa kura 17 bila upinzani kwamba tiba ni salama kiasi cha kutosha, na kwa kura 13 dhidi ya 4 kwamba kulikuwa na ushahidi wa kutosha wa ufanisi. Wengi walitarajia idhini. Badala yake, mwezi Mei mwaka huohuo FDA ilidai ushahidi zaidi. Wagonjwa na familia zao waliandamana, na hisa za kampuni zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake.

Kwa maoni yangu FDA ilikuwa na haki. Jaribio lililokosa kigezo chake kikuu, halafu likasifiwa kwa kigezo kilichotazamwa baadaye, haliwezi kubeba peke yake uamuzi unaogusa maelfu ya watu, kwa sababu ukitazama vigezo vingi vya kutosha, kimojawapo kitakupendeza hata kama dawa haifanyi kazi yoyote. Ninaelewa kabisa uchungu wa mgonjwa ambaye hakuwa na miaka mitatu ya kusubiri, na siuchukulii kirahisi. Lakini ni jaribio la IMPACT, ambalo kigezo chake kikuu kilibadilishwa mapema kikawa kuishi kwa mgonjwa, lililoiondolea tiba hii ile shaka. Wagonjwa 512 waligawanywa kwa bahati nasibu, 341 wakapewa tiba na 171 wakarudishiwa seli zao bila kufundishwa, huku mgonjwa na daktari wake wakiwa hawajui nani amepata nini. Hatari ya kifo ilipungua kwa takribani asilimia 22. Baada ya miaka mitatu, asilimia 31.7 ya waliotibiwa walikadiriwa kuwa hai, dhidi ya asilimia 23.0 ya wenzao.

Sasa tazama kigezo cha pili. Muda wa kuendelea kwa ugonjwa ulikuwa wiki 14.6 kwa waliotibiwa na wiki 14.4 kwa wasiotibiwa, maana yake hakukuwa na tofauti yoyote. Kwa wagonjwa wengi uvimbe haukusinyaa, na kipimo cha damu cha PSA (protini ya tezi dume ambayo ikipanda huashiria ugonjwa unaendelea), ambacho daktari na mgonjwa hukitazama kila ziara kwa wasiwasi mkubwa, hakikushuka. Tiba iliongeza miezi ya kuishi bila kumpa daktari dalili hata moja ya kumwonyesha mgonjwa aliyeketi mbele yake kwamba inafanya kazi. Maelezo ya kisayansi yapo, kwamba kinga huchukua muda kujengeka na huenda huendelea kuupunguza kasi ugonjwa hata pale ambapo picha za kwanza zinaonyesha umeongezeka. Lakini jaribu kumweleza hayo mzee aliyetoka kuona PSA yake ikipanda, kwa tiba inayouzwa dola 93,000.

Ucheleweshaji wa 2007 ulikuwa pia na bei yake ya kibiashara. Aprili 2011, mwaka mmoja tu baada ya idhini ya Provenge, FDA iliidhinisha Zytiga, na Agosti 2012 ikafuata Xtandi. Zote mbili ni dawa za kumeza, mgonjwa huzitumia nyumbani, na zote mbili hushusha PSA kwa wagonjwa wengi. Kama Provenge ingeidhinishwa 2007, ingekuwa na takribani miaka minne peke yake kuzoeleka kwa madaktari kabla ya kukutana na wapinzani hao, na kwa bahati mbaya ilipata mwaka mmoja tu.

maabara_ya_damu alijibu:

Ninaunga mkono yaliyosemwa kuhusu jaribio, lakini nadhani maelezo yanakosa kiwanda, na katika tiba za seli mtu hawezi kuzungumzia fedha bila kukizungumzia kiwanda. Kazi yangu ni ya kutenganisha damu, kwa hiyo niruhusuni nieleze kwa urefu.

Dawa ya kidonge hutengenezwa mara moja kwa wingi, ikawekwa ghalani, ikasubiri mnunuzi. Provenge haina ghala. Mgonjwa huunganishwa kwenye mashine inayopitisha damu yake kwa saa kadhaa na kuchuja sehemu ya seli nyeupe, nyingine zikarudishwa mwilini. Zile zilizochujwa husafirishwa hadi kiwandani, ambako hukaa pamoja na protini iliyoundwa kwa kuunganisha vitu viwili: kimeng'enya kinachopatikana kwenye seli nyingi za saratani ya tezi dume, na kichocheo cha kuamsha seli za kinga. Takribani siku tatu baada ya kuchujwa, mgonjwa anapaswa kurudishiwa seli zake, na mzunguko mzima hurudiwa mara tatu, kila mmoja ukitenganishwa na mwingine kwa wiki mbili hivi. Mfuko ukishatengenezwa, unabaki kufaa kwa saa 18 tu. Ndege ikichelewa, au mgonjwa akipata homa asubuhi ile, mfuko huo hauwezi kupewa mtu mwingine yeyote duniani.

Kwa masharti hayo, kampuni haikuweza kuwa na kiwanda kimoja. Ilijenga vitatu: Morris Plains katika jimbo la New Jersey, Seal Beach karibu na Los Angeles, na Union City karibu na Atlanta, ili seli za mgonjwa wa upande wowote wa Marekani ziweze kwenda na kurudi ndani ya saa zinazoruhusiwa. Viwanda hivyo vilihitaji vyumba safi, wataalamu wa zamu usiku na mchana, na wakaguzi, bila kujali kama siku hiyo kuna wagonjwa mia au wagonjwa kumi. Gharama hizo hazipungui wateja wanapopungua.

Ubaya zaidi, viwanda havikuwa tayari wakati hamu ya soko ilipokuwa kubwa. Mara baada ya idhini, ni sehemu ya kile cha New Jersey pekee iliyokuwa ikifanya kazi, na kampuni ilisema ingeweza kuhudumia wagonjwa wapatao 2,000 katika mwaka wa kwanza kupitia vituo 50 hivi. Kulikuwa na wagonjwa waliowekwa kwenye orodha za kusubiri, na mahospitali yalilazimika kuamua nani aanze. Viwanda vingine viwili vilipoidhinishwa mwaka 2011, Zytiga ilikuwa imekwishafika. Kwa hiyo kampuni ilikuwa na wagonjwa wengi kuliko nafasi, halafu ndani ya muda mfupi ikawa na nafasi nyingi kuliko wagonjwa.

Mwaka 2012 ilitangaza kukifunga kiwanda cha Morris Plains na kupunguza mamia ya wafanyakazi. Jengo hilo lilinunuliwa na Novartis kwa dola milioni 43, na ndimo ilimotengenezwa baadaye Kymriah, tiba ya seli za kinga zilizobadilishwa vinasaba, iliyoidhinishwa Agosti 2017 kwa ajili ya watoto na vijana wenye aina fulani ya saratani ya damu. Vyumba vilevile ambavyo Dendreon haikuweza kuvibeba viliifaa kampuni yenye dawa nyingine nyingi za kulipia umeme na mishahara. Ningekushauri uliweke jambo hili katika andiko lako, kwa sababu linaonyesha kwamba ujuzi wa kutengeneza seli haukuwa na kasoro.

mwanafunzi_famasia aliandika:

Nawashukuru sana. Suala la PSA kutoshuka sikuwa nimelipa uzito wake, na kuhusu kiwanda sikuwa nimefikiria kabisa. Bado ninakwama kwenye hesabu. Mauzo ya Provenge yalikuwa dola milioni 325 mwaka 2012 na takribani milioni 284 mwaka 2013. Hizo si fedha ndogo. Kampuni nyingi zenye majaribio yanayoendelea hazina mauzo yoyote na bado zinaendelea kuishi. Iweje yenye mauzo ya mamia ya mamilioni ndiyo ianguke?

mhasibu_mstaafu alijibu:

Kijana wangu, isiyo na mauzo huishi kwa fedha za wanahisa, ambao hawana tarehe ya kudai. Dendreon ilikuwa imekopa, na deni lilikuwa na tarehe.

Fuatilia mtiririko wa fedha kwa miaka. Aprili 2009, habari za IMPACT zilipotoka, hisa moja ilipanda kutoka chini ya dola 8 hadi zaidi ya dola 16 kwa siku moja. Kampuni ilitumia nafasi hiyo kwa busara ikauza hisa mpya mara mbili ndani ya mwaka huo na kupata mamia ya mamilioni ya dola. Kufikia 2010, wakati wa idhini, hisa zilikuwa zimevuka dola 50. Mpaka hapo sina lawama, kwani ndivyo kampuni ya utafiti inavyopaswa kufanya: matokeo mazuri yanapotoka, uza hisa wakati bei iko juu, jaza hazina, jenga kiwanda.

Kosa, kwa jinsi ninavyolitazama, lilifanyika Januari 2011. Kampuni iliuza hatifungani zenye thamani ya dola milioni 620, zenye riba ya asilimia 2.875 kwa mwaka, na ambazo zilipaswa kulipwa Januari 2016. Zilikuwa hatifungani zinazogeuzika kuwa hisa. Maana yake ni kwamba mkopeshaji anakubali riba ndogo kwa kuwa anatumaini bei ya hisa itapanda kupita kiwango kilichokubaliwa, naye atachukua hisa badala ya fedha. Bei ikipanda, deni hujifuta lenyewe. Bei isipopanda, deni linabaki zima likisubiri tarehe yake. Hapa kiwango cha kugeuza kilikuwa juu ya dola 50 kwa hisa, kwa hiyo mpango mzima ulisimama juu ya imani kwamba mauzo yangepanda haraka.

Miezi saba baadaye imani hiyo ilivunjika. Kampuni ilikuwa imewaambia wawekezaji kwamba mauzo ya 2011 yangekuwa kati ya dola milioni 350 na 400. Mapema Agosti ikayaondoa makadirio hayo. Siku iliyofuata hisa zilishuka kwa takribani theluthi mbili, kutoka karibu dola 36 hadi chini ya dola 12. Kuanzia siku hiyo hakuna mkopeshaji aliyekuwa na sababu ya kugeuza hatifungani zake kuwa hisa, na kampuni haikuweza tena kuuza hisa mpya kwa bei ya kuridhisha ili ilipe deni.

Sababu kubwa iliyotajwa na kampuni ilikuwa namna madaktari walivyolipwa, na ninaomba uielewe vizuri kwa sababu vijana wengi huiruka. Nchini Marekani, kliniki ya saratani hununua dawa za kuingizwa kwenye mshipa kwa fedha zake, humpa mgonjwa, kisha huidai bima. Kwa Provenge, kliniki ilipaswa kutanguliza dola 93,000 kwa mgonjwa mmoja. Wagonjwa kumi ni karibu dola milioni moja, ikiwa nje kwa wiki au miezi, katika ofisi ambayo pengine ina madaktari wanne tu. Zaidi ya hapo, miezi miwili baada ya idhini, Medicare, yaani bima ya serikali kwa wazee, ambayo ndiyo ingewalipia wengi wa wagonjwa hawa, ilianza mapitio rasmi ya kuamua kama ingelipia tiba hiyo nchi nzima, na uamuzi wa kukubali ukatoka mwishoni mwa Juni 2011. Kwa mwaka mzima daktari alikuwa akitanguliza fedha zake bila uhakika kamili wa kurudishiwa. Wengi walianza na mgonjwa mmoja, wakasubiri hundi irudi, ndipo wamchukue wa pili.

Chukua kalamu sasa. Milioni 620 ukizigawa kwa 93,000 ni wagonjwa wapatao 6,700 wanaolipa bei kamili, na hapo tunajifanya kwamba kutengeneza seli zao ni bure. Mauzo ya 2013 ni sawa na wagonjwa elfu tatu hivi kwa mwaka. Lakini kila mfuko ulikuwa na gharama kubwa ya uzalishaji, kama alivyoeleza mwenzetu wa maabara, halafu kulikuwa na wauzaji, utafiti, usimamizi na riba. Kilichobaki baada ya hayo kilikuwa hasara mwaka hadi mwaka. Kampuni haikuwa na njia ya kuzifikia milioni 620 kabla ya Januari 2016, na kila aliyesoma taarifa zake za robo mwaka aliweza kuliona hilo mapema.

Ilipokwenda mahakamani, ilikuwa imekwishakubaliana na wenye hatifungani wengi ama kuwakabidhi kampuni ama kuiuza. Februari 2015 Valeant ya Canada iliinunua kwa takribani dola milioni 495. Wanahisa hawakupata kitu. Mwaka 2017 Valeant iliiuza kwa Sanpower ya China kwa dola milioni 819.9, na Provenge iliendelea kutengenezwa na kupewa wagonjwa. Dawa ile ile, viwanda viwili vilivyobaki, madaktari wale wale, ila deni halikuwepo tena.

Kwa hiyo tangazo la fedha mpya likija mbele yako, usianze na kiasi. Uliza kwanza fedha hizo ni za aina gani: ni hisa, ni deni, au ni za kampuni kubwa inayoshirikiana nayo na itakayobeba sehemu ya gharama? Kama ni deni, linaiva lini, na jaribio linalosubiriwa litatoa majibu kabla au baada ya tarehe hiyo?

takwimu_za_tiba alijibu:

Mzee wangu mhasibu, ninakubali hesabu zote, lakini naona umelibebesha deni mzigo ambao si wake peke yake. Kama tiba ingekuwa inaonyesha matokeo mbele ya macho ya daktari, kliniki zingejipanga kutafuta fedha za kutanguliza, na makadirio ya 2011 huenda yangefikiwa. Aina ya ushahidi na aina ya fedha vinafungamana.

Mlinganishe Dendreon na Kite ya California. Kite ilianzishwa mwaka 2009 na Arie Belldegrun, mwaka 2012 ikaingia mkataba wa utafiti na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ambako Steven Rosenberg alikuwa ameifanyia kazi tiba ya seli za kinga kwa miongo kadhaa, na mwaka 2014 ikauza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza. Jaribio lake, ZUMA-1, halikuwa hata na kundi la kulinganishia. Lakini kati ya wagonjwa 101 wenye limfoma kali (saratani ya mfumo wa limfu) waliotibiwa, asilimia 82 uvimbe wao ulisinyaa na asilimia 54 ugonjwa haukuonekana tena kabisa, watu ambao dawa za awali zilikuwa zimekwishawashinda. Matokeo ya namna hiyo daktari huyaona kwenye picha ndani ya wiki chache. Gilead ilitangaza tarehe 28 Agosti 2017 kuinunua Kite kwa dola bilioni 11.9, na idhini ya FDA ikaja tarehe 18 Oktoba. Kite haikulazimika kuingia sokoni peke yake ikiwa na deni mgongoni. Bei ya tiba yake ilikuwa dola 373,000, mara nne ya Provenge, na mahospitali yaliipokea, ingawa nayo yalilalamikia sana malipo ya Medicare.

Kuna mfano mwingine ambao unaigeuza kabisa ile kanuni uliyofundishwa, ndugu mwanafunzi. Juno, nayo ya Seattle, ilikuwa na jaribio lililoitwa ROCKET la kutibu saratani ya damu kwa watu wazima. Mwaka 2016 wagonjwa walifariki kwa kuvimba ubongo, jaribio likasimamishwa na FDA, likaruhusiwa kuendelea, vifo vikatokea tena, na Machi 2017 kampuni ikaiacha tiba hiyo. Ni tukio la kusikitisha, na familia zile hazistahili kutajwa kwa haraka kama tarakimu za biashara. Lakini kwa upande wa fedha, Juno ilikuwa na akiba, ilikuwa na Celgene kama mshirika, na ilikuwa na tiba nyingine iliyoundwa kwa namna tofauti. Januari 2018 Celgene ilitangaza kuinunua kwa takribani dola bilioni 9. Iliyoshinda jaribio ilifilisika, na iliyoshindwa jaribio iliuzwa kwa mabilioni.

maabara_ya_damu alijibu:

Kama mwanafunzi anataka mfano wa sasa wa kumaliza nao andiko, aitazame Iovance. Tiba yake, Amtagvi, hutengenezwa kwa kukata kipande cha uvimbe wa mgonjwa wa saratani ya ngozi ya melanoma, kuzitoa seli za kinga zilizokuwa zimekwishaingia humo, kuzikuza zikawa mabilioni, na kumrudishia. Uzalishaji na ukaguzi vyote pamoja huchukua zaidi ya mwezi. FDA iliiidhinisha tarehe 16 Februari 2024 kwa idhini ya haraka, kwa kuzingatia kwamba kati ya wagonjwa 73, asilimia 31.5 uvimbe ulisinyaa vya kutosha, na bei ikatangazwa kuwa dola 515,000. Siku chache baadaye kampuni ilikusanya takribani dola milioni 211, na zilikuwa hisa, si deni. Hapo naona somo la mzee wetu limezingatiwa.

Hata hivyo, Mei 2025 iliyashusha makadirio yake ya mapato ya mwaka huo kutoka dola milioni 450 hadi 475, yakawa milioni 250 hadi 300, na hisa zikaanguka vibaya kwa siku moja. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni vituo vya matibabu kuchukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa kuanza kutibu wagonjwa, pamoja na matengenezo ya kiwanda. Na kwa kuwa idhini yake ni ya haraka, bado inapaswa kuthibitishwa na jaribio la awamu ya tatu liitwalo TILVANCE-301, ambalo linaipima tiba hiyo pamoja na pembrolizumab, dawa nyingine ya kuamsha kinga, dhidi ya pembrolizumab pekee kwa wagonjwa wa melanoma ambao hawajapata matibabu ya ugonjwa uliosambaa. Chukua taarifa za robo mwaka za Dendreon za 2011 na 2012, uziweke kando ya zile za Iovance za 2024 na 2025, usome mistari miwili tu kwanza, gharama za uzalishaji na fedha zilizobaki mkononi. Taarifa hizo zote zinapatikana bure kwenye hifadhi ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani. Ukikwama kwenye kuzitafsiri, ziweke hapa, tutazipitia pamoja.